Kona Amechoka Kupumzika

Risala ya wafanyakazi na wanagenzi wa Karakana ya Uani kwa mgeni rasmi, katika sherehe ya kuwapongeza waliomaliza mafunzo ya kazi

Mgeni rasmi, uliye meneja mkuu wa hoteli kubwa iliyo mkabala na mzunguko wa barabara, mwenyekiti wa karakana yetu, walimu wetu, wazazi, kaka na dada mliotusindikiza, na ninyi majirani mlioingia kwa sababu mlisikia vipaza sauti mkadhani ni harusi. Tunawasalimu nyote.

Kabla ya yote tunakuomba radhi kwa jambo moja. Risala hii inasomwa na mwenzetu wa udobi, Bibi Mfuko. Ameshika karatasi kwa heshima ya shughuli, lakini ukweli ni kwamba ameikariri. Mwalimu wetu wa udobi alimsomea, naye akairudia huku akiendelea na kazi zake, mpaka ikamkaa kichwani. Shida yake ni kwamba ukimkatiza, hata kwa makofi, inabidi aanze upya kutoka kwenye "Mgeni rasmi". Kwa hiyo tunakuomba wewe na msafara wako makofi myaweke akiba. Hata kicheko, kama kikikushika, kishushe polepole.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji si wagonjwa, ingawa wageni wengi huingia humu wakinyata na kunong'ona kama wako wodini. Karibu sana. Ongea kwa sauti yako ya kawaida, kaa kwa raha zako. Kiti ulichokalia ndicho kizuri kuliko vyote tulivyonavyo, ila mguu wake wa nyuma una tabia zake, basi usiegemee sana.

Tunakushukuru kwa zawadi ulizotanguliza asubuhi. Boksi tulilipokea salama, likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa "Kwa watoto wetu wapendwa", na ndani yake mna pipi, mipira na vitabu vya kupaka rangi. Tuliwatafuta hao watoto ili tuwape vitu vyao, hatukuwaona. Mdogo wetu kuliko wote ananyoa ndevu. Bibi Mfuko anayekusomea ana mvi, na mjukuu wa dada yake anakaribia kumaliza shule. Mipira tumewapa watoto wa jirani, nao wamekuombea dua. Vitabu vya rangi amevichukua Mwalimu, anasema vinamtuliza.

Pipi tumebaki nazo, isipokuwa wale wawili wetu wenye kisukari, ambao wamezinusa tu. Na kuhusu pipi, mgeni rasmi, tunakuelewa kuliko unavyodhani. Nguo zako huletwa hapa kufuliwa hoteli yako inapozidiwa, na kabla suruali haijaguswa na maji hupita mikononi mwa Bibi Mfuko, ambaye kazi yake ni kupekua mifuko. Katika mifuko ya watu amekuta kalamu, amekuta vijiti vya meno, amekuta vifungo vya mashati yasiyojulikana ni ya nani. Katika mifuko yako amekuta pipi za tangawizi, kila mara, bila kukosa, pamoja na maganda ya zile zilizotangulia. Kwa hiyo tunajua hukutuletea pipi kwa dharau. Umetuletea kitu unachokipenda mwenyewe. Siri hii tulikuwa tumekutunzia vizuri mpaka leo.

HISTORIA FUPI

Mgeni rasmi, karakana hii haikuanzishwa na mradi wala semina. Ilianza na beseni. Mama mmoja aliyekuwa akifulia watu nguo katika ua huu huu alikuwa na mtoto wa kiume aliyerudishwa nyumbani na kila shule aliyopelekwa. Kila mwalimu alikuwa na namna yake ya kulisema, lakini maana ilikuwa ile ile, kwamba mtoto haelewi. Mama akachoka kubishana. Siku moja akamwekea beseni dogo pembeni ya lake, akampa sabuni na shati, akamwambia, "Haya, mwanangu, wao wamesema huelewi. Hebu tuone kama shati nalo litasema hivyo." Shati halikusema kitu. Lilitakata.

Majirani wakaona. Mmoja akamleta binti yake, mwingine akamleta mdogo wake, mwingine akamleta shemeji yake ambaye hakuwa na tatizo lolote ila uvivu, huyo akarudishwa. Uani pakajaa watu. Mama akabisha hodi huku na kule, wakaja walimu, zikaja pasi, likaja tanuri la mikate. Mama huyo ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Mwanawe yupo nasi, ni mtu mzima sasa, na habari zake zitachukua sehemu kubwa ya risala hii kama utatuvumilia.

Madaktari wanasema tuna ulemavu wa akili, na hatubishani nao, wamesoma. Majirani nao zamani walikuwa na majina yao kwetu, ambayo hayasemeki mbele ya mgeni. Sisi wenyewe tunaitana kwa kazi. Anayepekua mifuko ni Bibi Mfuko. Anayeumua unga wa mikate ni Hamira. Na yule mwana wa mama tunamwita Kona, kwa sababu shuka akilikunja yeye, pembe zote zinakutana kama ndugu waliozaliwa pamoja.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, zamani mtu akimaliza mafunzo hapa alipewa cheti, akapigwa picha, akarudi nyumbani kukaa na cheti chake. Vyeti vilikuwa vingi na kazi hazikuwepo. Waajiri walisema wanaogopa, na wengine wetu waliopata kazi waliachwa mlangoni siku ya kwanza bila mtu wa kuwaonyesha hata choo kiko wapi.

Ndipo tukampata msindikizaji. Huyu ni dada anayekwenda na mwenzetu mpaka kazini. Anajifunza ile kazi yeye kwanza, kisha anamwonyesha mwenzetu, kisha anakaa kando, kisha anakaa mbali zaidi, mpaka siku moja haji kabisa na hakuna anayegundua. Ni mtu pekee tunayemjua ambaye akifanya kazi yake vizuri anakosa cha kufanya. Kwa Kona, alipoanza kazi hotelini kwako, alikaa karibu kwa muda mrefu, mpaka mlinzi wa geti lako akawapongeza kwa ndoa. Amekanusha mara nyingi, na anaomba kupitia kwako geti lijulishwe rasmi.

Wa kwanza kusindikizwa alikuwa Hamira, kabla hajaitwa Hamira. Alipelekwa kwenye duka la vyombo. Alikuwa msafi, aliwahi, aliwachangamkia watu. Lakini mteja akiuliza bei ya sufuria, Hamira alimtajia, kisha akamwongezea kwa moyo mweupe, "Ila pale ng'ambo ya barabara wanauza rahisi zaidi." Mwenye duka akamwelekeza. Msindikizaji akamwelekeza. Hamira akaitikia vizuri kabisa kwamba ameelewa, na mteja aliyefuata akaenda ng'ambo ya barabara.

Mwishowe mwenye duka alikuja hapa mwenyewe, hakutuma mtu. Aliketi kwenye lile benchi la mlangoni, akamwita Hamira, akamwambia, "Binti yangu, kazi dukani kwangu basi. Sikufukuzi kwa ubaya, wewe ni mtu mwema. Lakini wewe huwezi kunyamazia bei ya jirani, na mimi siwezi kula bila wateja. Kuanzia kesho usije."

Hamira alilia mpaka chakula kikapoa mbele yake. Kesho yake akala. Siku iliyofuata akauliza, "Sasa mimi nitafanya nini?" Akapelekwa kwenye mikate, ambako hakuna wa kumuuliza bei, na mkate uliokula na chai ulipofika ni wa mkono wake. Mwenye duka hupita hapa kununua mpaka leo. Hamira humhudumia kwa heshima zote, na kama mkate ni wa jana humwambia ni wa jana.

Mafanikio yetu makubwa kuliko yote, mgeni rasmi, yalikuwa kwako. Ulipokubali kumpokea Kona kwa majaribio katika chumba cha kufulia cha hoteli, hapa palipigwa vigelegele mpaka unga ukamwagika. Na Kona hakutuangusha. Kuna yale mashuka yenye mpira pembeni, ambayo watu wengi wakishindwa kuyakunja huyaviringisha, wakayasukumia kabatini na kufunga mlango haraka kabla hayajafumuka. Kona aliyakunja yakalala bapa. Yule mama mkuu wa chumba chako cha kufulia, ambaye tunaambiwa hajawahi kusifia kitu tangu aajiriwe, aliyatazama, akasema, "Huyu mwacheni hapa hapa." Kutoka kwake hayo ni mashairi.

Dada yake Kona yupo hapa, ni mshona nguo, na Kona anaishi kwake tangu mama yao alipofariki. Ameturuhusu tuseme hili. Kabla ya kazi ile, mgeni akifika nyumbani na kuuliza ni nani yuko chumbani, dada alikuwa akijibu, "Ni kaka yangu, haonani sana na watu." Baada ya hapo wageni wakimuulizia alikuwa akijibu, "Kaka yuko kazini." Anasema alikuwa anawaombea wageni wamuulizie.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto hatukosi. Mashine yetu ya kukamua nguo hutembea. Ikianza kuzunguka huuacha ukuta ikaelekea mlangoni, na lazima mtu mzito aikalie. Mtu huyo ni Mwalimu wa udobi. Tukimtafuta tusimwone, tunafuata mlio. Umeme nao una mazoea ya kukatika mikate ikiwa tanurini, ndiyo maana upande wa kushoto wa meza ya chai kuna mikate ambayo tumeiita biskuti.

Lakini hizo ni changamoto za kawaida, na tutakuwa tunakupotezea muda tukijifanya ndizo zinazotunyima usingizi. Changamoto yetu kubwa ni maneno laini. Watu wakiwa na jambo gumu la kutuambia, hulifunga kwenye pamba, wakatukabidhi pamba. Wakisema "tutawaita", maana yake hawatatuita. Wakisema "tutaona", wameshaona. Ninyi wengine mnayajua maneno haya. Mnayapokea, mnatabasamu, mnakwenda zenu mkiwa mmeelewa. Sisi tunayapokea kama yalivyosemwa. Tukiambiwa tutaitwa, tunakaa karibu na simu.

Sasa tunafika mahali ambapo Mwalimu alitushauri tusifike. Tulipokuwa tunaandaa risala hii alisema, "Mgeni hualikwa aheshimiwe, haalikwi abanwe mbele za watu." Akapendekeza tuandike tu kwamba tunakabiliwa na changamoto ya kutokuwepo kwa uendelevu wa ajira.

Bibi Mfuko akasema, "Mwalimu, neno hilo mimi silikariri."

Kona, aliyekuwa anapanga taulo, akageuka. "Huyo uendelevu ni mimi?"

Mwalimu akatazama chini. "Ni wewe, kaka."

"Basi andikeni Kona."

Tumeandika Kona. Hamira aliunga mkono, akasema mgeni akishaketi kiti cha mbele hawezi kuondoka kabla ya kukata keki, basi hiyo ndiyo nafasi yetu.

Mgeni rasmi, tukio lenyewe unalijua. Ila wewe siku ile ulikuwa upande wa nje wa mlango, kwa hiyo tunaomba tukueleze ya upande wa ndani. Wakati ule taulo za hoteli zilikuwa zimeota miguu. Leo zinaletwa mpya, kesho hazionekani. Yule mama mkuu wa chumba cha kufulia akamweka Kona kwenye stoo ya mashuka apange mzigo uliokuwa umefika, akamwambia, "Jifungie. Usimfungulie mtu yeyote mpaka nirudi." Akaondoka. Baada ya muda ukaja wewe, na nyuma yako wageni wenye suti waliokuja kuikagua hoteli. Ukagonga.

"Nani?" Kona akauliza.

"Fungua. Ni meneja."

"Samahani, nimeambiwa nisimfungulie mtu yeyote."

"Mimi si mtu yeyote. Mimi ni meneja."

Hapo Kona akafikiri. Anasema alifikiri kwa nguvu zake zote, kwa sababu hakutaka kukosea. Kisha akauliza kwa adabu, "Kwani meneja si mtu?"

Wageni wako wakacheka. Tumejiuliza sana kama walimcheka yeye au walikucheka wewe, na tunadhani hapo ndipo palipouma. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kwamba si hatari.

Hatusemi Kona alikuwa na haki yote. Mlango ni wa hoteli, na hoteli unaiongoza wewe. Kosa jingine ni letu, kwa kuwa tulimfundisha kushika amri, hatukumfundisha kwamba juu ya amri kuna amri nyingine. Msindikizaji amelia kwa ajili hiyo, maana ndiyo kwanza alikuwa ameacha kwenda naye. Tumelifanyia kazi. Tumemwonyesha Kona picha yako gazetini, ya kutoka mbele na ya kutoka ubavuni, na sasa anakutambua hata ukivaa kofia. Nasi tunakuombea milango mingine yote ikufungukie mapema zaidi ya ule.

Jioni ile ulimtuma yule mama, naye akamwambia Kona, "Meneja amesema upumzike kidogo."

Kona akafurahi. Katika maisha yake amefukuzwa, amerudishwa, amesahauliwa, lakini hakuna mkubwa aliyewahi kumwambia apumzike. Kesho yake alikuja hapa akatutangazia kwamba yuko likizo, kwa kuwa amefanya kazi vizuri. Tukatazamana. Mwalimu akaenda kukaa juu ya mashine, ingawa ilikuwa haijawashwa.

Basi Kona amepumzika. Amepumzika kwa bidii, kama anavyofanya kila jambo. Amelala mchana, amenyoosha miguu, amekaa kivulini mpaka kivuli kikahama naye akakifuata. Asubuhi huvaa lile shati la kazi lenye nembo ya hoteli, akaja kuketi kwenye benchi la mlangoni, akisubiri likizo iishe. Jioni hulifua na kulipiga pasi. Msindikizaji amepiga simu hotelini, akaambiwa suala linaangaliwa. Amekwenda mwenyewe, akaambiwa meneja yuko kikaoni. Tunaamini kikao hicho kimekwisha, kwa kuwa leo tunakuona hapa.

Wiki iliyopita Kona alimwambia dada yake wakiwa mezani, "Dada, nimepumzika vya kutosha. Kupumzika kunachosha." Dada yake akamjibu labda wiki ijayo. Amelisema hilo mara nyingi mno. Alikuja hapa akaketi kati ya mafungu ya nguo chafu, akatuambia, "Jamani, mimi sina tena labda." Tulimwonea huruma, na tulijionea huruma na sisi wenyewe, kwa sababu sisi pia hatukuwa nayo.

Pengine unajiuliza kwa nini hatukumwambia wenyewe. Tungemwambia nini, mgeni rasmi? Hatujui. Tukimwambia kazi imekwisha kumbe haijaisha, tutakuwa tumemfukuza sisi. Tukimwambia atarudi kumbe harudi, tutakuwa tumemdanganya sisi, na hapa uani mtu akidanganya hufua soksi za timu ya mpira peke yake. Tumefunika kombe mwanaharamu apite, lakini huyu mwanaharamu hapiti. Kila asubuhi Kona yuko kwenye benchi, na kila anayeingia anamsalimia haraka haraka na kutazama pembeni. Tunaona aibu. Tunampenda, na tumekuwa tukimkwepa.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunafahamu umekuja ukiwa umejiandaa kuombwa mashine. Tulimwona msaidizi wako alivyokuwa akiipima kwa macho. Hatuombi mashine. Mwalimu ametusihi tuongeze kwamba ukisisitiza hatutakutia aibu kwa kukataa, nasi tumeongeza, lakini si ombi letu.

Tunaomba umwambie Kona.

Usimwambie Mwalimu ili Mwalimu amwambie. Usimtume yule mama, wala msindikizaji, wala dada yake. Mwambie yeye, kwa mdomo wako, kwa maneno yanayoeleweka na mtu anayeyachukua maneno kama yalivyo. Kama anarudi kazini, mtajie siku. Atafika kabla yako, na mlinzi wa geti atafurahi kwa sababu amekuwa akimuulizia, yeye na yule anayemwita mkewe. Kama harudi, mwambie kazi imekwisha. Usimwambie apumzike. Usimwambie suala linaangaliwa. Usimwambie yeye ni kijana mzuri, maana ujana ulishampita na uzuri anaujua.

Tunasema haya bila hila yoyote. Hatukukutegea mtego, ingawa tunakiri kiti hicho hakisogei kwa urahisi. Ukimwambia hapana, itatuuma, na hatutakuficha kwamba imetuuma. Lakini Hamira aliambiwa hapana, akalia, akala, akauliza afanye nini. Kona naye akilia tupo. Nguo zako tutaendelea kuzipokea, na kila kinachokutwa mfukoni utarudishiwa, pamoja na maganda kama unayahitaji. Kukataliwa tumekuzoea tangu utotoni, mgeni rasmi, na tumeona kwamba mtu haachi kuishi. Kinachotumaliza ni kumwona mtu mzima akisubiri, miezi kwa miezi, jambo ambalo pengine lilishaamuliwa na kusahaulika jioni ile ile.

Kona yuko mstari wa pili, pembeni ya dada yake. Risala hii hatukumficha. Tulimsomea yote, na tulipokosea alitusahihisha. Mahali fulani tulikuwa tumeandika kwamba ulipiga mlango kwa hasira. Akasema hapana, meneja aligonga kwa heshima, mara ya kwanza na mara ya pili, tusimsingizie. Tukafuta.

Tulipofika sehemu hii ya maombi alituomba tuirudie. Kisha akauliza, "Kumbe inawezekana sikuwa likizo?"

Dada yake alimshika mkono. Kona akaichukua karatasi ya risala, akaikunja pembe kwa pembe, akamrudishia Mwalimu, akaomba kwamba maneno yake yawe ya mwisho. Tumempa nafasi hiyo. Kona, simama mgeni akuone.

Anasema hivi: "Meneja, siku ile sikukujua. Nikirudi nitakufungulia. Nisiporudi, shati hili ni lako, nitakupa, ni safi. Lakini sema wewe. Sema hapa hapa. Mimi naweza kusikia."

Mungu akupe afya, mgeni rasmi, aibariki kazi ya mikono yako na ya mikono yetu, na sasa hivi unaposimama akupe neno.

Ni sisi,
wafanyakazi na wanagenzi wa Karakana ya Uani